Boti mbili za tanga pale Dunga: niliyoijaribu na niliyoinunua

Nilizunguka ile boti ya kwanza na sarafu ya shilingi ishirini mkononi, nikigonga shubiri kwa shubiri. Palipo pazima palilia ti, ti, ti, kama kikombe cha udongo. Nilipofika chini, karibu na kisanduku cha ule ubao unaoshushwa majini katikati ya boti, sauti ikageuka: dub. Nikagonga tena. Dub. Hapo maji yalikuwa yameshaingia kati ya matabaka ya faibaglasi.

Ilikuwa Wayfarer, boti iliyobuniwa na Mwingereza Ian Proctor mwaka 1957. Urefu wake ni mita 4.82, na uzito wa mwili mtupu ni kilo 169 hivi, kwa hiyo watu wanne tunaivuta mchangani bila kuhema sana. Mwenyewe alitaka shilingi 280,000. Ya pili ilikuwa mashua yetu ya hapa Ziwa Victoria, ya mbao, mita saba, tanga moja la pembetatu juu ya foromali, ule mti mrefu unaolishika tanga. Ilikuwa imevua mbuta kwa miaka mingi kabla ya kulazwa ufuoni. Bei: 130,000.

Mimi ni mwalimu, baba yangu alikuwa mvuvi kisiwani Rusinga, na nina watoto watatu. Nilitaka boti ya kutupeleka nyumbani wakati wa likizo, ya kulala ndani yake tukifika, na ya kushindana na wenzangu Jumapili. Kupata yote matatu katika boti iliyotumika ni kazi.

Tulizijaribu zote siku moja. Saa kumi na moja alfajiri upepo wa nchi kavu ulikuwa bado unatoka Kisumu kuelekea ziwani, zikaondoka Dunga pamoja. Mashua ya mbao ilitulia kama kitanda. Tulikuwa watu watano na chai haikumwagika. Adhuhuri upepo ulikufa, tukachomwa na jua. Kama saa nane hivi ukaja ule wa ziwani, kutoka magharibi, na hapo ndipo tofauti ilipoonekana. Tulikubaliana tubishe kwanza, yaani twende kinyume cha upepo kwa kona kona, kabla ya kurudi. Wayfarer ilibisha vizuri ajabu: kona hii, kona ile, ubao umeshuka, kijana mmoja ameketi ukingoni. Ile ya mbao, kila tukigeuka, ilibidi wanaume wawili waihamishe foromali upande wa pili wa mlingoti, na wakimaliza tunakuta tumesukumwa nyuma tena. Kwa mashindano hakuna ubishi, Wayfarer imeshinda.

Lakini wavuvi wetu hawabishi namna hiyo. Wanatoka na upepo wa alfajiri na kurudi na wa mchana. Mtu anayeishi kwa saa za ziwa hili atafika popote na ile ya mbao, mradi asiwe na haraka.

Kulala je? Mwaka 1963 Mwingereza Frank Dye alivuka kutoka Scotland hadi Iceland kwa Wayfarer, akiwa na mwenzake mmoja. Namvulia kofia. Sisi tulitandika hema juu ya boriti ya tanga, mimi na mke wangu tukalala sakafuni. Tulitosha, ila kisanduku cha ubao kilitutenga kama ukuta. Watoto wangelala wapi? Katika ile ya mbao tulitandika magodoro mawili, chandarua kimoja kikubwa, jiko la makaa kwenye karai lenye mchanga, na nafasi ikabaki. Tulitia nanga mbali na mafunjo, maana viboko hutoka humo usiku kwenda malishoni na hutaki kuwa njiani mwao.

Ukikagua Wayfarer ya zamani, pitisha kitambaa cha pamba kwenye nyaya zinazoshika mlingoti. Palipokatika uzi mmoja wa chuma, kitambaa kitanasa. Changu kilinasa mara mbili kwenye waya wa kushoto. Fungua pia vifuniko vya vyumba vya hewa, mbele na nyuma. Hivyo ndivyo vinavyoifanya boti ielee ikipinduka, na mpira wa kifuniko cha nyuma ulikuwa umepasuka.

Ya mbao nayo ilinifundisha. Ziwani hatuna yule mdudu wa baharini anayetoboa majahazi ya Lamu, lakini maji baridi na mvua huozesha mbao kuliko maji ya chumvi. Nilisukuma bisibisi kwenye ubao wa kwanza juu ya mkuku, ule uti wa mgongo wa boti, karibu na omo, yaani mbele, ikaingia hadi mpini kama kwenye muhogo uliochemshwa. Juu yake palikuwa na lami na rangi mpya ya buluu.

"Mwalimu, hiyo ni rangi tu imevimba," mwenye mashua akaniambia.

Iliniuma. Alijua nitawapakia watoto humo. Nilimwonyesha bisibisi, nikamwita fundi mzee anayetengeneza boti pale ufuoni, naye akakagua kila ubao kwa nyundo. Mbao mbili zimeoza, mkuku wa mvule mzima kabisa. Bei ikashuka hadi 85,000, nikalipa.

Kama uko peke yako au mko wawili na mnapenda kushindana, nunua Wayfarer, kisha uitengee pesa za nyaya, mpira na kile kidonda cha chini. Mimi nimechagua mashua ambayo kila ufuo kuanzia Dunga hadi Mbita una mtu wa kuitengeneza kwa msumari, pamba na nyundo.

Jumamosi mbao mpya zilipigwa. Nilishika utambi wa pamba huku fundi akikalafati, akiusukuma kidogo kidogo kwenye mwanya.

"Mzee, tuishushe lini?" nikamuuliza.

"Acha kwanza mbao zinywe maji siku tatu, mwanangu," akasema. "Zikivimba, zitajifunga zenyewe."

Sasa imefungwa kwenye maji ya kina cha magoti, nusu imejaa, na kila jioni baada ya shule napita kuitazama.