MX-5 au GR86? Nimeyaendesha yote mawili kwenye njia ya mbio

Natanguliza uamuzi wangu. Kwa mtu anayelipia tairi, pedi za breki na mafuta kutoka mfukoni mwake, na ambaye anataka siku moja ashindane kweli, namshauri anunue Mazda MX-5. Toyota GR86 lina kasi zaidi, lina nafasi zaidi, na kwa matumizi ya kila siku ni gari bora. Bado jibu langu ni MX-5, na nitaeleza kwa nini.

Naishi Maryland, Marekani. Gari langu ni MX-5 la 2019, toleo la Club, gia za mkono. Rafiki yangu mmoja, mtu wa Mombasa tuliyefahamiana huku ughaibuni, ana GR86 la 2022, nalo la gia za mkono. Tunakwenda pamoja Summit Point, West Virginia, mwendo wa kama saa moja na nusu kutoka Washington, na mara nyingi tunabadilishana funguo. Njia kuu ya pale ina urefu wa kilomita 3.2 na kona kumi, na ndiyo niliyotumia kuyapima magari haya.

Kwanza takwimu, maana zinashangaza kidogo. MX-5 langu lina injini ya lita 2.0 yenye nguvu farasi 181. GR86 lina lita 2.4 na nguvu farasi 228. Ukiishia hapo utadhani hakuna mashindano. Lakini MX-5 lina uzito wa takriban kilo 1,060, na GR86 takriban kilo 1,280. Gawanya nguvu kwa uzito na utakuta tofauti ni ndogo mno. Kinachobaki ni kwamba gari moja linabeba zaidi ya kilo 200 za ziada kila linapofunga breki na kila linapokata kona, na gharama ya kilo hizo inalipwa na mwenye gari.

Kwenye mstari mrefu wa Summit Point, GR86 linaniacha, hilo halina ubishi. Injini yake inavuta tangu chini: msukumo wake wa juu kabisa, newtonmita 250, unapatikana injini ikiwa kwenye mizunguko 3,700 tu kwa dakika. Ukitoka kona ya kumi ukiwa kwenye gia ya juu kuliko inavyopaswa, linakusamehe na kukupeleka. MX-5 halisamehi hivyo. Linataka mizunguko iwe juu, linaruhusu hadi 7,500, na ukitoka kona ile vibaya utaibeba hasara yako mstari mzima. Wengi wanaona hiyo ni kasoro. Mimi naona ndilo jambo linalonifanya nijifunze, kwa sababu kila nilipochelewa kukanyaga mafuta naliona kosa lenyewe hapo hapo, halijifichi nyuma ya nguvu za injini.

Mwisho wa mstari ule kuna kona ya kwanza, ya kulia, baada ya kufunga breki kwa nguvu zote. Hapa uzito unaanza kudai. Nikiwa kwenye MX-5 nachelewesha breki, na baada ya kuizunguka njia mara nyingi kanyagio bado liko pale pale chini ya mguu. GR86 lenye pedi za kiwandani halina subira hiyo: joto likishapanda kanyagio linaanza kuzama, na inabidi upumzishe. Dawa inajulikana, pedi ngumu zaidi na maji ya breki yanayostahimili joto kali, na rafiki yangu ameshafanya hivyo. Hata MX-5 linahitaji vitu hivyo ukiwa makini, ila halivihitaji mapema hivyo.

Kwenye kona zenyewe kila moja lina tabia yake. MX-5 la kiwandani hulala sana ubavuni, hata hili la Club lenye shokapu za Bilstein. Mara ya kwanza unaogopa. Ukizoea, kule kulala kunakuwa habari: unajua tairi la mbele limebeba kiasi gani na la nyuma liko karibu kuteleza au la. GR86 linakaa wima, pua yake inaingia kona kwa haraka, na ukitaka kutupa mkia linatupa kwa adabu na kurudi. Wajapani walijua walichokuwa wakikifanya. Matoleo yote ya GR86 yana difu ya Torsen, inayozuia gurudumu moja la nyuma lisizunguke bure, ilhali kwa MX-5 lazima uchague toleo sahihi. Lile la bei ya chini, Sport, halina difu ya namna hiyo, na sikushauri ulinunue kwa ajili ya mbio.

Injini ya GR86 ni ya Subaru, na gari lenyewe linaundwa kiwanda cha Subaru huko Gunma, Japani. Wakenya wengi wakisikia Subaru moyo unaruka. Niwaambie mapema: hamtausikia mngurumo ule wa Impreza wa zamani. Ule ulitokana na mabomba ya moshi yenye urefu usiolingana, na hapa yanalingana. Faida iliyobaki ni ya maana zaidi kwenye mbio: pistoni zimelala pande mbili, injini imekaa chini, na gari linageuka kana kwamba halina mzigo mbele.

Lakini injini hiyo hiyo ina jambo ambalo mnunuzi lazima alijue. Wamiliki waliofunga vipima presha wameonyesha kuwa kwenye kona ndefu za kulia zenye kasi, hasa ukiwa na tairi zenye mshiko mkali, presha ya oili hushuka. Oili inasukumwa upande na bomba la kufyonza linabaki na hewa. Tena kuna injini zilizofunguliwa zikakutwa na vipande vya gundi ya kuzibia kwenye chujio la bomba hilo. Summit Point ina kona ndefu ya kulia, Carousel, na kila tunapoifikia na GR86 tunatupia macho kipima presha. Injini ya rafiki yangu ni nzima hadi leo. Hata hivyo, ukinunua GR86 kwa ajili ya mbio, weka bajeti ya kipima presha na vizuizi vya oili ndani ya karta, lile beseni la oili chini ya injini, kabla ya kufikiria tairi za bei mbaya.

MX-5 nalo lina lake, na kwa baadhi ya watu ndilo linalomaliza mjadala. Ni gari la wazi. Klabu nyingi hazitakuruhusu kuingia kwenye njia ya mbio bila tao la chuma nyuma ya kichwa, na hata ukilifunga kuna kipimo cha fimbo: wanalaza fimbo iliyonyooka kutoka juu ya tao hadi juu ya fremu ya kioo cha mbele, na helmeti yako lazima iwe chini yake. Mimi ni wa kimo cha wastani na napita. Ukiwa mrefu utalazimika kubadili kiti au kuondoa sponji, na wapo ambao hata hivyo hawapiti. Kaa ndani ya gari ukiwa umevaa helmeti kabla ya kulipa. Helmeti iwe ya daraja la usalama la Snell SA, la magari. Ya pikipiki, klabu nyingi huikataa.

Upande wa mizigo sina la kutetea. Ukilaza kiti cha nyuma cha GR86, tairi nne za mbio zinaingia pamoja na jeki na zana. Buti la MX-5 lina lita 130, linajaa kwa begi na kisanduku cha spana. Tairi zangu husafiri ndani ya GR86 la rafiki yangu, na kwa hilo namshukuru sana.

Kuna jambo moja ambalo Toyota walilifanya vizuri mno. Mnunuzi wa GR86 jipya hapa Marekani amekuwa akipewa uanachama wa mwaka mmoja wa NASA, hili la mbio za magari na si la anga za juu, pamoja na siku moja ya mafunzo ya udereva kwenye njia ya mbio bila malipo. Unakaa na mkufunzi pembeni yako. Kama unalo gari hilo na hujaitumia siku hiyo, angalia kama muda wako haujapita. Bima ya kawaida pia, tafadhali isome. Nyingi hazigusi ajali ya kwenye njia ya mbio, na bima ya siku hiyo hununuliwa peke yake.

Sasa nije kwenye mashindano, maana hapo ndipo uamuzi wangu ulipokamilika. Toyota wana GR Cup tangu 2023, na Mazda wana MX-5 Cup. Magari ya huko yanafanana na yetu kwa sura, lakini ndani yana gia za mbio za kampuni ya Sadev, za mfuatano, zinazopanda na kushuka moja moja, na yanagharimu fedha ambazo wengi wetu hatuna. Kwa mtu wa kawaida, mlango uliofunguka ni Spec Miata (Miata ndilo jina la MX-5 huku Marekani), daraja la MX-5 za vizazi viwili vya kwanza, za 1990 hadi 2005, linaloendeshwa na vyama vya mbio vya SCCA na NASA. Kanuni zinabana springi, shokapu na tairi ziwe sawa kwa wote, hivyo fedha pekee hazikununulii ushindi. Nimekaa pembeni nikitazama kundi zima likiingia kona ya kwanza bampa kwa bampa, na hakuna mbio za bei yoyote zilizonisisimua kama zile. Vipuri vimejaa kila mahali, na jirani yako kwenye eneo la matengenezo atakuazima hata kitovu cha gurudumu ili usikose mbio.

Kwa hiyo, mrefu wa kimo, au mwenye familia na gari moja tu nyumbani, achukue GR86 na afanye kazi ya oili mapema. Anayetaka kujifunza na bado aliendeshe kazini, MX-5 la 2019 au la baadaye, toleo la Club. Na anayetaka kushindana, asinunue jipya hata moja kati ya haya: atafute Spec Miata iliyokwisha kujengwa, maana kujenga yako kunakula fedha kuliko kununua ya mwenzako. Akiipata, aombe kitabu cha gari cha SCCA au NASA, asome kurasa za ukaguzi na za ajali, na aulize kizimba cha chuma kilichomelewa na nani.