Lehemu yenye risasi au isiyo na risasi?

Wanaojifunza ufundi wa elektroniki Mtwara na Lindi hubishana mara kwa mara kuhusu lehemu ipi inafaa, yaani metali inayoyeyushwa kuunganisha vipuri. Kwa gharama, ile ya asilimia 60 bati na 40 risasi (metali ya ledi) huwa nafuu, kwa kuwa aina isiyo na risasi inayotumika sana huwa na asilimia 3 ya fedha, madini ambayo bei yake haina huruma.

Kuaminika kwa kiungo, yaani pale lehemu inaposhika waya na kipuri, ndiko kwenye mjadala mrefu. Yenye risasi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi na hung'aa ikipoa vizuri, hivyo hata anayeanza hutambua kwa macho kiungo kibovu. Nyingine huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 217, na hata kiungo chake kizuri huonekana kimefifia, jambo linalomlazimu fundi kupima kwa mita. Katika hewa ya chumvi ya Mikindani, hata hivyo, mkosaji mkuu huwa masalia ya flaksi (dawa ya kusafisha metali ili lehemu ishike) ya asidi, ile ya mafundi bomba, ambayo hula shaba taratibu na haifai kabisa kwenye saketi.

Kwa matunzo, joto kubwa linalohitajiwa na isiyo na risasi huchakaza haraka ncha ya pasi ya kulehemu.

Na afya? Moshi hutoka kwenye flaksi. Risasi yenyewe huingia mwilini kupitia mikono isiyonawishwa. Anayelehemu kwenye meza wanayolia chakula watoto na achague isiyo na risasi, ilhali mwenye pasi dhaifu isiyodhibiti joto, anayefufua redio ya zamani, atahangaika bure na aina hiyo.