Kabari ya king'ora, kufuli la kubebeka na king'ora cha mkoba: tathmini kwa mwanamke anayelala ugenini peke yake

Kwenye begi lenye nafasi ya kitu kimoja, weka kabari ya mlango yenye king'ora. Nafasi ikibaki, ongeza king'ora kidogo cha kuning'iniza kwenye mkoba. Kufuli la kubebeka tunaliweka la tatu. Kwa nguvu za kuzuia mlango linavishinda vyote, ila milango linayoikataa ni mingi, na mlango wa chumba utakacholala huujui mpaka ufike.

Wauzaji wa mtandaoni huviweka vitatu hivi pamoja na kuvinadi kana kwamba vinafaa mlango wowote. Havifai mlango wowote. Mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh aliyefuata mzigo Guangzhou, Dubai au Istanbul, au mama aliyekwenda India kwa matibabu, analala katika chumba ambacho mapokezi wanaweza kukitolea kadi nyingine kwa dakika moja, na mhudumu wa usafi huwa na kadi inayofungua vyumba vingi. Vyombo hivi vimetengenezwa kwa ajili ya hatari hiyo: mtu mwenye ufunguo. Aliyekuja na mtaimbo vitamchelewesha tu, na muda huo wa kumchelewesha ni wa kupiga simu na kupiga kelele.

Kagua mlango kabla ya kufungua begi, na ikiwezekana kabla ya kulipa. Ukiusukuma kuingia chumbani, unafunguka kwa ndani na vyombo vyote viwili vya mlango vinaweza kufaa. Ukiuvuta kuelekea koridoni ndipo uingie, kabari haina kazi, kwa kuwa mlango unaondoka mbele yake badala ya kuikandamiza. Kufuli la kubebeka nalo halishiki mlango wa namna hiyo. Kisha inama utazame uwazi wa chini. Uwazi wa sentimita 1 hadi 2 unafaa. Mlango wenye mpira au brashi ya kuzuia moshi inayogusa sakafu hauruhusu ncha ya kabari kupenya, na kizingiti kilichoinuka kinaweza kuifanya ikae upande. Mwisho tazama kile kibati cha chuma kwenye fremu, pale ulimi wa kitasa unapoingia: tundu lake lina kina gani, na kimeshikwa na skrubu ngapi. Mlango unaofunguka nje na usio na komeo la ndani, omba chumba kingine. Ni ombi la kawaida hotelini na huhitaji kulieleza sana.

Sasa kabari yenyewe. Ni kipande cha plastiki chenye mteremko, chini kina mpira, na juu kuna sahani ndogo iliyolalia swichi. Mlango ukisogea, unaikandamiza sahani na king'ora kinalia, huku mlango ukizidi kujibana juu ya mteremko. Nyingi hutumia betri ya volti 9, ile ya mstatili, na watengenezaji wengi huandika desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 120. Kazi yake ni mbili kwa pamoja: kuzuia na kuamsha. Hiyo ya pili ndiyo yenye thamani kubwa, maana anayeingia kwa kadi ya kuiba anategemea ukimya.

Iweke upande wa kitasa, kamwe si upande wa bawaba. Karibu na bawaba mlango unasogea kidogo sana na anayesukuma ana nguvu kubwa ya wenzo, kwa hiyo kabari inateleza kabla ya swichi kubonyezwa. Isukume mpaka ncha iingie chini ya mlango na sahani ikaribie kuugusa, ndipo uiwashe. Hatua ambayo watu wengi huiruka ni kusafisha sakafu: vigae vyenye vumbi au maji ya kupigia deki hugeuza mpira kuwa sabuni. Futa sehemu hiyo kwa kitambaa chenye unyevu, kausha, futa pia mpira wa chini. Kwenye zulia nene kabari inazama na kusafiri pamoja na mlango. Itapiga kelele, lakini usitegemee izuie.

Zenye kidude cha kupandisha na kushusha wepesi wa kuhisi, ziweke katikati. Ukiweka juu kabisa, mlango wa jirani ukibamizwa au kiyoyozi kikiutikisa mlango wako, utaamshwa usiku kucha, na usiku wa pili utaizima. Ndivyo kabari nyingi zinavyoishia chini ya begi. Kosa lingine ni kuisahau ikiwa imewashwa ndani ya mzigo: inabonyezwa na nguo, inalia kwenye kaunta ya ndege, na betri inakwisha kabla hujafika. Toa betri kabla ya kufunga begi na ubandike selotepu kwenye ncha zake mbili, kwa sababu sarafu au ufunguo ukizigusa zote kwa pamoja betri hupata moto.

Asiyepata ya king'ora, fundi seremala anaweza kumchongea ya mbao ngumu: urefu sentimita 14, upana 4, upande mnene sentimita 3, ncha milimita 3, na chini kibandikwe kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Isiwe fupi na nene. Mteremko ukiwa mkali, mlango unairudisha nyuma badala ya kujibana nayo. Juu yake simamisha glasi au sufuria ndogo iegemee mlango, nayo itakuwa king'ora chako.

Kuna hila moja ya wezi wa hotelini ambayo kabari peke yake haiizuii. Mlango wenye mkono wa kubonyeza chini unaweza kufunguliwa kwa waya mrefu unaopitishwa kwenye uwazi wa chini, ukauvuta mkono wa ndani. Taulo lililokunjwa kama roli na kusukumwa kwenye uwazi huo, pande zote mbili za kabari, linaufunga mlango huo wa wizi bila gharama.

Kufuli la kubebeka lina vipande viwili: ulimi wa chuma wenye meno, na mpini wa kuzuia. Fungua mlango, ingiza meno kwenye tundu la kibati kilichoko kwenye fremu, funga mlango huku mwili wa ulimi ukitokeza ndani ya chumba, kisha pitisha mpini kwenye tundu la ulimi na uukaze mpaka ushikamane na mlango. Likikaa sawasawa, hakuna kadi itakayoufungua, na ni jepesi kiasi cha kukaa kwenye pochi.

Yanayoliharibia ni mengi. Tundu la kibati likiwa na kina kidogo, meno hayashiki. Mlango uliobana kwenye fremu, au wenye mpira wa kuzuia sauti, haufungi tena ukishaweka ulimi, na kuulazimisha kunapinda ulimi na kuvunja kibati cha watu. Mlango wa kutelezesha na ule wa mabawa mawili haufai. Jambo ambalo matangazo hayalisemi ni kwamba nguvu yote ya anayesukuma inaishia kwenye skrubu za kile kibati. Ziwe mbili fupi kwenye mbao laini, msukumo wa bega unaweza kuzing'oa. Ndiyo maana tulisema kuhesabu skrubu. Baada ya kulifunga, vuta mlango mwenyewe kwa nguvu. Ukicheza zaidi ya upana wa kidole, usilitegemee.

King'ora cha mkoba ni cha njiani: kutoka kituo cha treni hadi hotelini, kwenye lifti, kwenye ngazi. Unachomoa pini, kinalia hadi pini irudishwe. Namba ya desibeli kwenye pakiti isikupumbaze. Sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu, hivyo kilichopimwa 130 kwa umbali wa sentimita 10 kinabaki kama 110 kwa mita 1 na kama 90 kwa mita 10 mahali pa wazi. Bado ni kelele kubwa, ila barabarani penye honi inaweza kumezwa. Nunua kinachochajiwa kwa waya wa USB kuliko chenye betri ndogo za duara kama kitufe: hizo hudhoofika kimyakimya, na utagundua siku unayokihitaji. Kijaribu kabla ya kila safari kwa sekunde moja, ukikiweka mbali na sikio. Kifunge nje ya mkoba, kwenye mkanda, upande wa mkono unaoutumia zaidi. Kilichotumbukizwa ndani pamoja na pasipoti na lipustiki ni sawa na kilichobaki nyumbani.

Faida yake kubwa kuliko dawa ya pilipili ni sheria. Uingereza dawa hiyo ni silaha iliyokatazwa chini ya Sheria ya Silaha ya mwaka 1968, na Falme za Kiarabu hairuhusiwi. Ikikutwa kwenye begi lako uwanja wa ndege, kesi inaweza kukugeukia wewe. Kelele haina kesi.

Hakuna kimoja kati ya hivi kinachompigia mtu simu, kwa hiyo sehemu hiyo uipange kabla ya kuondoka. Kushiriki mahali ulipo kwa WhatsApp hakudumu zaidi ya muda wa saa 8, kisha uwashe upya. China WhatsApp imefungiwa kwenye intaneti ya hapo, na Falme za Kiarabu simu za WhatsApp zimezuiwa ingawa ujumbe hupita. Mpe dada au mwenzako jina la hoteli, namba ya chumba na saa mtakayowasiliana, na mkubaliane afanye nini saa hiyo ikipita kimya. Namba za dharura ziandike kwenye karatasi, simu huweza kuibiwa: polisi ni 999 Falme za Kiarabu, 110 China, na 112 Uturuki na India. Chini yake andika anwani ya hoteli kwa lugha ya wenyeji, umwombe mtu wa mapokezi akuandikie.

Na moto. Chombo kinachomzuia mwizi kinamzuia pia zimamoto, na kinakuzuia wewe. Usiku wa kwanza, kabla ya kulala, zima taa na ujaribu kukitoa kwa mkono mmoja. Kabari itoke kwa teke la pembeni, kufuli litoke kwa mvuto mmoja wa mpini. Ikikuchukua zaidi ya sekunde 5, rudia mpaka mkono uzoee. Anayeumwa moyo, kifafa au kisukari asitumie kufuli la kubebeka akiwa peke yake: akianguka, wahudumu hawataweza kuingia kumsaidia. Kwake inatosha kabari, ambayo mtu mzima akisukuma kwa muda anaweza kuisogeza, huku king'ora kikiwaita wengine.