Nairobi hadi New York: moja kwa moja au kupitia kwingine?

Kuanzia Oktoba 2018, Kenya Airways iliporusha safari ya kwanza isiyotua njiani kwenda New York, ubishi haujaisha: upande hiyo, au ubadilishe ndege Dubai au Amsterdam?

Kwa umbali, ya moja kwa moja inashinda: kama kilomita 11,800, saa 15 hivi kwenda na 14 kurudi, maana ukielekea magharibi upepo wa juu unakupinga. Ila njia zenye kituo hazifanani. Amsterdam iko karibu na mstari wenyewe, inaongeza kilomita 700 tu au zaidi kidogo. Dubai inakupeleka kwanza kaskazini-mashariki, kisha urudi magharibi. Safari inafika kilomita 14,500 hivi, na bado hujahesabu saa za kusubiri. Ramani bapa ya ukutani haikuonyeshi hilo.

Bei hupanda na kushuka, lakini safari yenye kituo mara nyingi ndiyo nafuu. Mzigo ni salama zaidi usipohamishwa.

Unasafiri na mtoto au mama mzee? Kwangu moja kwa moja inafaa nyongeza ya bei. Lakini anayeishi Dallas au Minneapolis atabadilisha ndege vyovyote vile, na kukokota masanduku kutoka forodha ya JFK, uwanja wa ndege wa New York, hadi ndege nyingine si raha. Huyo Dubai humfikisha Dallas, na Amsterdam Minneapolis, bila kugusa New York. Iwe tiketi moja tu, si mbili za kuunganisha mwenyewe.