DDJ-FLX4, rekordbox na vizibo vya masikio: vyombo ninavyofanyia kazi Mtwara

Kontrola ya Pioneer DDJ-FLX4, yaani kifaa cha kuchanganyia muziki kinachounganishwa na laptopu, nimeifanyia kazi kwenye sherehe za hapa Mtwara, na naipendekeza kwa DJ yeyote anayeanza kulipwa. Lakini ukiniuliza ni kitu gani kwenye begi langu nisichokubali kukiacha nyumbani, sitaitaja kontrola. Nitataja vizibo vya masikio vyenye kichujio, vidogo kiasi cha kupotea mfukoni, ambavyo ma-DJ wengi ninaokutana nao huku Kusini hawajawahi kuvishika. Nitavieleza vyote, na kwenye masikio nitakaa zaidi.

Chombo huchaguliwa kwa kazi, kwa hiyo nianze na kazi yangu. Mimi ni dada ninayepiga muziki kwenye shughuli za kina mama: kicheni pati, sendofu, kutoa mwali. Napiga Shangani, Chikongola, Magomeni na Mikindani, na korosho zikishauzwa naitwa Newala, Tandahimba, hata Lindi mjini. Ukumbi mara nyingi ni uwanja wa nyumba uliofungwa maturubai. Spika ni za kukodi, umeme ni wa nyumba au wa jenereta, na mzigo wote unasafiri nyuma ya kirikuu kwenye vumbi. Sipigi klabu, na anayepiga klabu asitarajie kwamba kila ninachosema kitamfaa.

Sasa kontrola yenyewe. Ilitangazwa mwishoni mwa 2022 kuchukua nafasi ya DDJ-400 ya 2018. Ina chaneli mbili, uzito wake ni kilo mbili na kidogo, na inachukua umeme kwenye laptopu kwa waya mmoja wa USB-C. Hilo la umeme ndilo lililonifanya niichague. Kwetu umeme ukikatika katikati ya shughuli, amplifaya inazima, lakini laptopu inaendelea kwa betri yake na kontrola inaendelea nayo. Wimbo haupotei, alama ulizoweka hazipotei. Nashusha sauti kuu hadi chini, nasubiri jenereta iwashwe, amplifaya inawashwa mwisho kabisa, kisha napandisha taratibu. Wageni wanarudi uwanjani wimbo ukiwa unatembea. Kontrola kubwa inayotaka umeme wake wa ukutani itakuzimikia, na utaanza upya mbele ya kamati nzima.

Kipaza sauti kina tundu moja na kitufe kimoja cha sauti, bila kurekebisha besi wala trebo. Kwa kutangaza jina la bibi harusi inatosha. Kwa shughuli yenye mshereheshaji anayeongea saa nne, na shangazi watatu wanaopokezana kipaza sauti kutoa nasaha, haitoshi. Mimi naiunganisha kontrola kwenye mikisa ndogo, mashine inayokusanya sauti zote pamoja, vipaza sauti vyote vinaingia kwenye mikisa hiyo, na kila mmoja anarekebishwa peke yake. Mikisa ndogo ya mtumba inafaa kabisa. Faida moja ya tundu la kipaza sauti la FLX4 ni kwamba sauti yake inaweza kupita kwenye USB, kwa hiyo anayerusha shughuli mubashara mtandaoni anapata muziki na maneno pamoja.

Upungufu wake mkubwa, kwa kazi zetu, uko nyuma: matundu ya kutolea sauti ni ya RCA tu, yale ya rangi nyekundu na nyeupe. Waya wa RCA ukiwa mrefu unaokota kelele. Ukiutandaza mita kumi kupita juu ya waya wa jenereta, utasikia mvumo hata muziki ukiwa umenyamaza. Weka mikisa mezani karibu na kontrola, waya wa RCA uwe mfupi kadiri unavyoweza, halafu kutoka kwenye mikisa kwenda kwa spika tumia waya wa sauti wa XLR, ule wenye pini tatu. Mvumo ukibaki, chomoa chaja ya laptopu kwa sekunde chache. Ukikoma, tatizo liko kwenye njia ya chaja, na kisanduku cha DI, kinachotenganisha njia za umeme za vyombo viwili, kati ya kontrola na mikisa kitalimaliza.

Hewa ya chumvi ni adui mwingine. Anayepiga Shangani karibu na bahari, au Msimbati kwenye mchanga, afunike kontrola wakati wote isipoguswa. Kanga iliyokunjwa mara mbili inafanya kazi hiyo vizuri. Mchanga ukishaingia kwenye kitelezi cha kati, kile cha kuhamia wimbo mmoja kwenda mwingine, utausikia kwenye kila wimbo unaouchanganya.

Kwenye programu za kuchanganyia muziki, rekordbox inafunguka bure ukiunganisha FLX4, na Serato DJ Lite pia inaikubali bila malipo, ingawa Serato Pro ni ya kulipia. Virtual DJ ndiyo wengi tulioanzia. Ni nyepesi na ni rahisi kuielewa, ila ukiunganisha kontrola au ukiitumia kwa kazi ya malipo inataka leseni, na zile nakala zilizovunjwa zinazopitishwa kwenye flashi zinakuja na virusi. Laptopu inayolisha familia haistahili kuwekewa kitu hicho. Asiye na fedha ya leseni aende Mixxx. Ni ya bure kabisa, inatengenezwa na watu wanaojitolea tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, inakwenda kwenye Windows, Mac na Linux, na inazitambua kontrola nyingi. Sura yake haivutii kama ya rekordbox, lakini kwa shughuli nzima ya usiku inakutosha.

Mimi nimebaki na rekordbox, na kuna jambo ambalo kila anayepiga singeli analihitaji. Kwa mpangilio wake wa kawaida, rekordbox inatafuta mapigo kati ya 70 na 180 kwa dakika. Singeli nyingi zinazidi hapo. Wimbo wa mapigo 224 utaandikwa 112, nusu yake, na wapo wanaodhani programu imekosea wakaanza kurekebisha nyimbo zote kwa mkono. Ziache. Amapiano nyingi zinatembea kwenye 112 au jirani yake, kwa hiyo namba ile ya nusu inakuonyesha daraja. Unapiga amapiano, kina mama wanacheza kwa utulivu, unaingiza singeli iliyoandikwa 112 chini yake, besi ya amapiano unaiondoa polepole, na ghafla uwanja umewaka bila mtu kusikia mahali ulipounganisha. Hapo ndipo ninapoipenda kazi hii.

Taarabu ni habari nyingine. Zile za zamani zilirekodiwa na watu wakipiga pamoja bila mashine ya kuhesabu, kwa hiyo mapigo yanapanda na kushuka ndani ya wimbo mmoja. Kitufe cha kulinganisha mapigo kitakuaibisha. Hapo unategemea sikio na hedfoni.

Kuhusu mafaili niseme kwa kifupi. Wimbo wa dakika nne kwenye MP3 ya 320, yaani kilobiti 320 kwa sekunde, ni kama megabaiti tisa na nusu. Faili la 128 ukiligeuza liandikwe 320 linanenepa tu, ubora uliopotea haurudi, na kwenye spika kubwa utasikia matoazi yakichakaa. Usitegemee kuvuta nyimbo mtandaoni ukiwa Tandahimba katikati ya shughuli. Ziwe ndani ya laptopu, na nakala kwenye diski ya nje. Laptopu yenyewe iwe na SSD, diski isiyozunguka, na masasisho ya Windows yazimwe siku ya kazi.

Kwa hedfoni natumia Sennheiser HD 25. Muundo huu umekuwepo tangu 1988 na haujabadilika sana, kwa sababu kila kipande kinanunuliwa peke yake: waya, sponji, utepe wa kichwani. Ni nyepesi, zinabana sikio vizuri, na upande mmoja unageuka ili usikilize kwa sikio moja. Bandia zake ni nyingi. Bei ikiwa robo ya bei unayoijua, achana nazo.

Kubana sikio ninakokusifia si suala la raha. Hedfoni isiyozuia kelele ya nje inakulazimisha uipandishe juu ya spika za uwanjani, na hapo ndipo masikio yanapoumia.

NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inaweka kikomo cha desibeli 85, kipimo cha ukali wa sauti, kwa saa nane za kazi. Kila desibeli tatu zikiongezeka, muda unakatwa nusu. Kwenye 88 una saa nne, kwenye 91 saa mbili, kwenye 94 saa moja, kwenye 97 nusu saa, na kwenye 100 dakika kumi na tano. Shirika la Afya Duniani, katika kiwango chake cha 2022 kwa kumbi za muziki, nalo limeweka wastani wa 100 uliopimwa kwa dakika kumi na tano kuwa ndiyo mwisho, na linataka kumbi ziwape wageni vizibo. Sasa pima mwenyewe pale mezani kwako. Programu ya simu haina usahihi wa kipimo cha kitaalamu, lakini inakupa picha. Kwangu inacheza karibu na 100 singeli ikishika, na shughuli huanza saa mbili usiku ikaisha saa nane. Dakika kumi na tano zimeisha kabla keki haijakatwa.

Vinyweleo vidogo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti havioti tena kwa binadamu vikishakufa. Ule mlio wa filimbi unaosikia ukilala baada ya kazi ni onyo, na usipoondoka ni wa kudumu. Naandika haya kwa uchungu kwa sababu mji wetu una bandari, kiwanda cha saruji na mitambo ya gesi, na kazi za namna hiyo zina vikinga masikio. Sisi tunasimama usiku kucha mbele ya spika masikio wazi, na vijana wetu wa kubeba vyombo wamelala nyuma yake.

Vizibo vya sponji vinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini kwa bei ndogo sana. Vinazuia sana, lakini vinakata sauti nyembamba kuliko nene, kwa hiyo muziki unakuwa mzito na DJ anajikuta anaongeza trebo wageni wakiumia. Mpe fundi wa jenereta na wasaidizi wako. Vizungushe viwe vyembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono mwingine, ingiza, shikilia mpaka vitanuke. Vikichomoza nusu nje havifanyi kazi.

Kwa DJ, chukua vyenye kichujio, kama Etymotic ER20XS au Alpine MusicSafe. Hivi vinashusha sauti zote kwa kiasi kinachokaribiana, kwa hiyo unasikia muziki uleule ukiwa chini. Ukipunguza desibeli kumi na tano tu za kweli, 100 inakuwa 85, na dakika zako kumi na tano zinakuwa saa nane. Hakuna chombo kingine kwenye meza yangu kinachonipa hesabu kama hiyo. Kasoro yake ni kwamba ukishika kipaza sauti unasikia sauti yako kama unaongea ndani ya pipa. Utazoea. Mimi huviacha masikioni vyote viwili na kuvaa hedfoni juu yake, na spika ndogo ya mezani naiweka karibu, usawa wa kichwa, ili nisiwe na sababu ya kupandisha hedfoni.

Na wageni? Kwenye shughuli moja ya Mikindani mama mwenye nyumba alinifuata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ongeza sauti, wa nyuma hawasikii kitu."

"Mama, nikiongeza, watoto hawa wa mbele wataumia. Niruhusu nizinyanyue spika."

Tulizipandisha kwenye stendi zikapita vichwa vya watu, tukazigeuza zielekee nyuma, na sauti sikuigusa. Mahali pa wazi, kila unapozidisha umbali mara mbili unapoteza kama desibeli sita. Spika ikiwa chini, mtoto aliye mbele anapata yote, na aliye nyuma anapata mabaki baada ya miili ya watu kuyanyonya. Yule mama baadaye alileta sahani ya pilau mezani kwangu, na aliwaondoa watoto mbele ya spika mwenyewe.

Kununua: mimi niliifuata FLX4 Kariakoo na nikalipa milioni moja na kidogo. Iwashwe dukani kwa laptopu yako mwenyewe, gusa kila kitufe, telezesha kila kitelezi, sikiliza pande zote mbili za hedfoni. Duka likikataa kuwasha, toka. Ya mtumba ifae tu ikiwa tundu la USB-C halichezi, kwa sababu hilo likilegea kontrola inazima katikati ya wimbo. Kama mfuko hautoshi vyote, chukua DDJ-400 ya mtumba au kontrola ya Numark Mixtrack, na tofauti ya bei inunulie vizibo vyenye kichujio na hedfoni inayobana. Vizibo agiza jozi mbili, na ya pili ikae na yule anayekupokea mezani ukienda kula.