Makofi ya ukumbini yalivyonichagulia spika za sebuleni

Kwa miezi mitatu sasa nimekuwa nikisikiliza rekodi za matamasha kupitia jozi ya spika ndefu za kusimama sakafuni, baada ya kuirudisha jozi ya kwanza iliyonivutia dukani kwa besi yake nzito lakini ikanichosha nilipoifikisha sebuleni. Kasoro yake ilijitokeza pale hadhira ilipopiga makofi: badala ya viganja vya watu wengi, kila kimoja mahali pake, nilisikia mchakacho mmoja kama wa mafuta yanayochemka kikaangoni. Makofi ni sauti fupi na kali zinazoanza na kukoma papo hapo, na spika inayochelewa kunyamaza huzivuruga zote pamoja.

Safari ya pili, kwa hiyo, nilikwenda na rekodi mbili ninazozijua vyema, nikaanza na makofi kabla ya wimbo wowote. Katika jozi hii niliyoichagua, mtu mmoja upande wa kushoto anaendelea kupiga makofi wenzake wakiwa wamekwisha kunyamaza, kisha mpiga saksafoni anavuta pumzi ndipo apulize. Pumzi ile sikuwahi kuisikia kwa miaka yote niliyokuwa na rekodi hiyo, na ndiyo iliyonifanya nilipie bila kusita.

Sikuipuuza besi. Uzi mzito kabisa wa gitaa la besi la nyuzi 4 hutoa sauti ya hezi 41 hivi, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, na spika ndogo za rafuni nilizojaribu zilikwisha kufifia kabla ya kufika huko. Nilitazama pia usikivu wa spika, yaani ukubwa wa sauti inayotoa kwa nguvu fulani ya umeme, ambao kwa hizi ni desibeli 90 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati 1 katika umbali wa mita 1. Kila unapotaka desibeli 3 zaidi, amplifaya hulazimika kutoa nguvu maradufu, na rekodi ya tamasha inaweza kutoka kwenye mnong'ono hadi kishindo cha ngoma kwa kufumba na kufumbua.

Wiki ya kwanza nilikaribia kukata tamaa, kwa maana nilizisogeza karibu mno na ukuta na besi ikavuma kama pipa tupu. Nilipozileta mbele sentimita 60, nikazitenganisha kwa umbali uleule uliopo kutoka kila moja hadi kwenye kiti changu, na kutandika zulia zito sakafuni, mvumo ulikwisha na jukwaa likasikika pana kuliko chumba chenyewe.

Lalamiko langu ni moja: usiku, ninapopunguza sauti ili nisiwaamshe waliolala, uhai wa ukumbi hupotea na besi hujificha, kwa hiyo saa hizo huziacha spika nikavaa hedifoni.