Windows 11 Home na Pro: unalipia nini hasa?

Pakua faili la ISO (nakala nzima ya diski ya usakinishaji) la Windows 11 kutoka Microsoft, lifungue, kisha kwenye dirisha la amri lenye haki za msimamizi andika dism /get-wiminfo /wimfile:D:\sources\install.wim (badala ya D weka herufi ya diski ilikofunguka). Utaorodheshewa matoleo ya Home, Pro, Education na mengine kadhaa, yote yamelala ndani ya faili hilo hilo moja. Kinachoamua kompyuta iamke na sura ipi ni ufunguo wa leseni, ule mfuatano wa herufi na tarakimu 25. Kwa bei rasmi ya Marekani, Home ni dola 139 na Pro ni dola 199.99. Hizo dola 61 za tofauti hazilipii kazi ya ziada. Kazi ilishafanywa, na umeshaipakua.

Sababu ya kuwepo bei mbili iko kwenye hesabu za biashara ya programu. Kuunda mfumo endeshi kunameza fedha nyingi mno, lakini nakala ya pili, na ya milioni, haigharimu karibu chochote. Bei basi haiwezi kufuata gharama ya nakala. Hufuata uwezo na haja ya mnunuzi. Ukiweka bei moja ya chini, kampuni zenye kompyuta elfu moja zitalipa kidogo kuliko zilivyokuwa tayari kulipa. Ukiweka bei moja ya juu, mtu wa nyumbani atakimbilia nakala za magendo. Na huwezi kumuuliza kila mmoja ana uwezo gani, maana wote watajiita maskini. Njia iliyobaki ni kutoa matoleo mawili na kuwaacha wanunuzi wajitenge wenyewe. Kwa hilo unahitaji ukuta uliojengwa mahali ambapo mtu wa nyumbani hapiti na ofisi haiwezi kukwepa.

Mbinu hii ni kongwe. Mwaka 1990 IBM ilitoa LaserPrinter E, mashine ya bei nafuu iliyochapa kurasa 5 kwa dakika wakati ndugu yake wa bei ghali alichapa 10. Tofauti ilikuwa programu ya ndani iliyoongezwa ili kuichelewesha ile ya nafuu. Mwaka 1996 wachunguzi wa Windows NT 4.0 walionyesha kwamba toleo la Workstation na lile la Server yalitenganishwa kwa sehemu kubwa na mipangilio michache tu ya rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows). Microsoft pia imewahi kujenga kuta za ajabu: Windows 7 Starter haikumruhusu mtumiaji hata kubadilisha picha ya mandharinyuma. Ukilinganisha na hayo, Home ya leo ni ya kiungwana sana.

Kwa hiyo unapochagua kati ya Home na Pro, usitafute ipi "yenye nguvu". Kasi ni ile ile, michezo huendeshwa vilevile, na masasisho ya usalama hutoka siku moja. Tazama kuta zilipo, kisha ujiulize kama yoyote kati yake inakuziba njia.

Kuta nyingine zimejengwa mbali sana na mtu wa kawaida. Home inakubali RAM hadi GB 128 na soketi moja ya prosesa. Pro inafika TB 2 na soketi mbili. Kujiunga na kikoa cha ofisi (mtandao wa kompyuta unaosimamiwa na seva moja), au na Entra ID (huduma ya Microsoft ya kusimamia akaunti za kampuni mtandaoni), ni kazi ya Pro tu. Hilo ndilo tundu hasa la kukamulia kampuni: asiye na seva ya ofisi hatalikosa hata akiishi na Home miaka kumi. Kihariri cha sera (kanuni za kudhibiti Windows), gpedit.msc, nacho hakimo ndani ya Home. Wengine huhangaika kukiingiza kwa skripti za mitaani. Dirisha hufunguka kweli, lakini baadhi ya sera huwa haziheshimiwi kwa sababu mfumo hukagua toleo kabla ya kuzitekeleza. Utabofya, utahifadhi, na hakuna kitakachobadilika.

Hyper-V na Windows Sandbox, vifaa vya kuendesha kompyuta bandia ndani ya Windows, ni vya Pro, ila visikufanye utoe pesa. VirtualBox inafanya kazi juu ya Home bila tatizo, na WSL 2 ya kuendeshea Linux inakubali Home pia. Masasisho nayo hayana uzito mkubwa: Home inaweza kuyasimamisha hadi wiki 5, baada ya hapo lazima uyapokee. Pro inaweza kuahirisha sasisho kubwa la mwaka hadi siku 365 na yale ya kila mwezi hadi siku 30. Kwa mwenye mashine moja ya kazi isiyotakiwa kushtukizwa, hii ni nafuu ya kweli. Kwa wengine, wiki 5 zinatosha.

Kuta mbili ndizo zinazomgusa mtu wa kawaida.

Ya kwanza ni Remote Desktop, njia ya kuiendesha kompyuta ukiwa mbali nayo. Kutoka Home unaweza kuingia kwenye kompyuta nyingine, lakini hakuna anayeweza kuingia kwenye Home yako kwa njia hiyo. Ukitaka kuacha kompyuta kubwa mezani na kuifikia kwa kilaptopu, ile kubwa ndiyo inayohitaji Pro. Kilaptopu kibaki na Home yake. Watu wengi hununua Pro mbili hapa bila sababu. Kuna kiraka maarufu cha kufungua mlango huu ndani ya Home, nacho kina kasoro ya kudumu: hutegemea nafasi kamili za msimbo ndani ya faili la termsrv.dll, hivyo kila sasisho linapobadilisha faili hilo kiraka hufa hadi mtu aandike nafasi mpya. Juu ya hapo kinavunja leseni. Programu kama RustDesk au Chrome Remote Desktop zinamtosha anayeingia mara mojamoja. Kwa kazi ya saa nyingi kwa siku, Remote Desktop inazishinda kwa ulaini wa picha, sauti na printa. Kumbuka mambo mawili: Pro inaruhusu mtu mmoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukiingia kutoka mbali skrini ya mezani hujifunga, na usifungue tundu (port) namba 3389 la ruta kuelekea intaneti, kwa sababu roboti za kubahatisha nywila hulitafuta usiku na mchana. Pita kwenye VPN.

Ya pili ni usimbaji wa diski, yaani kuifunga data yake kwa ufunguo wa siri, na hapa maelezo mengi huwa nusu. Husemwa kwamba Home haina BitLocker, zana ya Windows ya kusimba diski. Injini ipo. Kwenye Home inaitwa Device Encryption, na tangu sasisho la 24H2, ukisakinisha upya kwenye mashine yenye TPM (chipu inayotunza funguo za siri) na kuingia kwa akaunti ya Microsoft, hujiwasha yenyewe. Kinachokosekana ni usukani. Kwenye Home ni swichi moja, kuwasha au kuzima. Kwenye Pro unachagua diski ya kusimba, unasimba flashi kwa nywila (Home itaifungua flashi hiyo lakini haiwezi kuitengeneza), na unaweza kudai PIN kabla ya Windows kuanza.

PIN hiyo ina maana kuliko inavyodhaniwa. Bila PIN, TPM hutoa ufunguo wa diski yenyewe mara kompyuta inapowashwa, hivyo mwizi aliyebeba laptopu nzima anafika hadi kwenye skrini ya kuingia huku diski ikiwa imeshafunguliwa. Kinachomzuia kuanzia hapo ni Windows yenyewe. Kuiweka PIN, fungua gpedit.msc, tafuta sera ya Require additional authentication at startup chini ya BitLocker, iwashe, kisha kwenye dirisha la amri la msimamizi andika manage-bde -protectors -add C: -TPMAndPIN. Anayebeba siri za wateja safarini ana haki ya kulipia Pro kwa kipengele hiki pekee.

Mwenye Home naye asilale. Andika manage-bde -status C: ukiwa msimamizi. Ukiona diski imesimbwa lakini ulinzi umeandikwa Off, maana yake data imechanganywa na ufunguo umeachwa wazi pembeni. Hutokea pale mashine inapotumia akaunti ya ndani badala ya ya Microsoft. Ukiona On, ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, tafuta ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48, uuchapishe kwenye karatasi. Siku utakapobadilisha ubao mama, au sasisho la BIOS (programu ndogo inayoiamsha kompyuta) litakapoichanganya TPM, skrini ya bluu itaudai. Aliyepoteza akaunti na hana karatasi amepoteza mafaili, na hakuna fundi wa kumrudishia. Kabla ya kusasisha BIOS, simamisha ulinzi kwa muda kwanza.

Ukiamua kuvuka, usifute kitu. Fungua Settings, System, Activation, kisha ama nunua kupitia Store (dola 99 kwa bei ya Marekani) au weka ufunguo wa Pro. Kompyuta itajiwasha upya, na baada ya dakika chache mafaili na programu zako zote zipo palepale. Dakika hizo chache ndizo zinazofichua mambo: vipande vya Pro vilikuwa tayari ndani ya diski. Andika dism /online /get-targeteditions kwenye Home nayo itakutajia matoleo inayoweza kugeuka. Angalia hesabu pia. Home ya 139 ukiongeza 99 ni 238, wakati Pro tangu mwanzo ni 199.99. Anayejua atahitaji Pro anunue laptopu iliyokuja nayo. Kurudi kutoka Pro hadi Home hakuna njia rasmi ila kusakinisha upya.

Tatizo la kawaida zaidi kwenye laptopu za kiwandani ni ufunguo wa Home uliochomekwa ndani ya BIOS. Ukisakinisha upya kwa flashi, programu ya usakinishaji huusoma na kukupeleka Home bila kukuuliza. Tengeneza faili la maandishi liitwalo ei.cfg, mstari wa kwanza [Channel], wa pili Retail, liweke kwenye folda ya sources ya flashi, na utaulizwa toleo. Au maliza na Home, halafu badilisha ufunguo. Msimbo 0xC004F050 ukitokea, ufunguo si sahihi au umeandikwa vibaya. 0xC004C008 maana yake umeshatumika kwenye mashine nyingi kuliko ruhusa.

Msimbo huo wa pili huwapata zaidi wanunuzi wa funguo za bei ya kutupa mtandaoni. Nyingi ni funguo za jumla zilizotolewa kwa taasisi na kuuzwa kipande kipande. Ufunguo wa aina ya MAK (mmoja wa kuwashia kompyuta nyingi za taasisi) una idadi maalumu ya kuwashia, na ikiisha au Microsoft ikiufunga, huna cha kudai. Uwashaji wa KMS unadumu siku 180 na lazima uhuishwe na seva ya taasisi. Ukiona tarehe ya kuisha baada ya kuandika slmgr /xpr, jua umenunua kitu cha mwenzio. Funguo za OEM (zinazokuja na kompyuta kutoka kiwandani) nazo hufa na ubao mama. Ufunguo wa rejareja pekee ndio unaohamishika kihalali kutoka kompyuta ya zamani hadi mpya.

Juu ya Pro kuna Enterprise na Education, na hapo mchezo unakuwa wazi zaidi. Vipengele vyake karibu ni sawa, ila Education huenda shuleni na vyuoni kwa bei ya chini mno. Aliyezoea mfumo chuoni ataudai kazini. Yote mawili hupata miezi 36 ya masasisho kwa kila toleo la mwaka, wakati Home na Pro hupata 24. Enterprise ya usajili hujivika juu ya Pro bila kusakinisha chochote, na usajili ukikatika hurudi Pro baada ya muda wa neema wa hadi siku 90.

Ukuta mmoja ndio usioteteka. Home hulazimisha intaneti na akaunti ya Microsoft wakati wa kuanza, ilhali Pro bado ina kichochoro: chagua Set up for work or school, kisha Sign-in options, kisha Domain join instead, nawe utatengeneza akaunti ya ndani. Kuizuia Remote Desktop ni kuuza huduma. Kumlipisha mtu ili asijisajili kwenye kompyuta aliyoinunua mwenyewe ni jambo jingine, na nyota ya Home inapungua hapo: nne kati ya tano ingekuwa haki yake, inapata tatu. Pro inapata nne kwa anayehitaji Remote Desktop au PIN ya diski, na mbili kwa anayeinunua kwa sababu ya jina.